Kabla hujaandika kuhusu Kaspi, tafuta mlango wake

Wadogo zangu mnaoanza propozo za utafiti, hongereni na poleni. Jana baada ya isha nimekaa na rasimu nne mlizonitumia, zote za Bahari ya Kaspi, zote za watoto wa Tanga hii hii, na nilipofika ya tatu nikafunga laptop nikatoka nje kupunga upepo. Kuandika mnajua, hilo sina shaka. Ila makosa ni yale yale niliyofanya mimi, mpaka rangi za ramani zinafanana, na mimi yalinila mwaka mzima. Kwa hiyo leo nitakuwa mkali kidogo, mnivumilie, nawapenda.

1. Mlango.

Kaspi haitoki popote. Mito inaingia, maji yanaondoka kwa mvuke, basi. Mnalijua hili tangu kidato cha pili, halafu mkifika chapta ya nne mnalisahau, kama nilivyolisahau mimi.

Nilikuwa mwaka wa mwisho, nimejifungia nyumbani Sahare wiki mbili naandika. Mada yangu ilikuwa mafuta na usalama wa Kaspi. Nikachukua Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, nikazipa nchi zote tano, Urusi, Kazakhstan, Turkmenistan, Iran na Azerbaijan, kila mmoja maili zake 12 za bahari ya mamlaka yake na maili 200 za ukanda wa kiuchumi, nikapaka rangi, nikaandika kurasa 31 za nani kamwonea nani. Nilikuwa naiona ile kazi nzuri kweli. Siku moja mjomba wangu akapita barazani, yeye kavua tangu hajaota ndevu, akasimama na nyavu zake begani akaitazama ile ramani. Akaniuliza, "Mlango wake uko wapi?" Nikamwambia hauna, mjomba. Akasema, "Sasa bahari gani isiyo na mlango?" Nikamjibu haya mambo ya sheria za kimataifa mjomba, we acha tu. Hakusema kitu, akaenda zake Dipsii kuuza samaki. Ile "we acha tu" mpaka leo inaniuma kuliko yote yaliyofuata.

Difensi ilikuwa 2019. Slaidi ya sita, mama mmoja kwenye paneli akaniomba nirudi kwenye ramani. Akauliza upana wa Kaspi panapozidi kabisa. Nikasema kama kilomita 435. Maili 200 za baharini ni kilomita ngapi? Nikasema 370. Na nchi mbili zikitazamana? Nikapiga hesabu kichwani, 740, na hapo nikasikia jasho linashuka mgongoni kwa sababu kanda zangu zilikuwa zimelaliana bahari nzima na mimi nimezipaka rangi kama zimekaa pembeni pembeni. Yule mama hakunicheka, akasema kulaliana si tatizo kubwa, watu wanagawana katikati, yeye anataka kujua nani kaniambia huo mkataba unafika kule, wakati kati ya hizo tano wapo ambao hata kuuridhia hawajauridhia, na kifungu cha 122 kikielezea bahari iliyozungukwa na nchi kinaanza kwa kutaja njia nyembamba ya kutokea kwenda bahari nyingine. Njia ya kutokea. Lile swali la mjomba barazani, neno kwa neno. Nilishindwa kufungua mdomo. Halafu likaja la mwisho: "Na Aktau je?" Mkataba wa Aktau, wa nchi hizo hizo tano kuhusu Kaspi, ulisainiwa tarehe 12 Agosti 2018, mimi natetea 2019, na neno Aktau halimo hata kwenye marejeo yangu, kwa sababu nilikuwa nakopi vitabu vya miaka ya nyuma vilivyokuwa vinabishana Kaspi ni ziwa au bahari, ziwa au bahari, nikadhani ubishi bado uko pale pale.

Nikaambiwa nirudie chapta mbili. Mahafali yakapita. Mama alikuwa ameshashona kitenge, kikakaa kabatini mwaka mzima, kila nikifungua lile kabati nakiona. Kwenye basi kutoka Dar nilijikaza mpaka Segera, pale gari lilipokata kona ya kuja Tanga nikashindwa, nikafunika uso na kofia. Nilipofika mjomba alikuwepo, nikamsimulia yote pamoja na lile swali lake. Akanisikiliza, akasema, "Kula kwanza."

Rasimu tatu kati ya nne zenu zina maili 200. Tatu!

2. Sasa Aktau yenyewe, maana yule wa nne ameitaja lakini kwa mstari mmoja eti "ilimaliza mgogoro". Hapana. Ilichofanya ni kuukwepa ule ubishi wa jina, ikasema ni mkusanyiko wa maji uliozungukwa na nchi za wanachama, ikawawekea sheria yao peke yao. Maili 15 za mamlaka ya nchi, kisha maili 10 za uvuvi wa nchi hiyo peke yake, yanayobaki katikati ni maji ya wote watano. Lakini sakafu chini ni habari nyingine, ile inagawanywa kwa makubaliano ya majirani wanaohusika, na mafuta na gesi viko chini. Kwa hiyo andikeni juu na chini mbali mbali, msichanganye, juu samaki na meli, chini pesa. Kusini huko Iran na jirani zake ndiko mipaka ya sakafu ilikobaki na ugumu. Azerbaijan na Turkmenistan zenyewe zilivutana miaka mingi juu ya kitalu kimoja cha mafuta mpaka Januari 2021 wakakubaliana wakichimbe pamoja wakakiita Dostluk, yaani urafiki. Mnaona, mkataba wa 2018, na hili la 2021, mgogoro haukuisha kwa siku moja.

Mkitaka mfano wa kwetu chukueni Ziwa Nyasa, sisi tunasema mpaka uko katikati ya maji, Malawi wanasimamia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 kwamba mpaka uko ufukweni kwetu. Ila angalieni, Nyasa inatoka kwa mto Shire, ina mlango.

3. Kina. Jamani hili limenitoa nje kabisa. Mmoja ameandika Kaspi inapanda kwa sababu barafu ya dunia inayeyuka, akatoa mfano wa ukuta wa kuzuia bahari wa Pangani. Mwanangu, Pangani ni Bahari ya Hindi! Kaspi imekatwa na bahari kuu, uso wake uko chini ya usawa wa bahari zote kwa karibu mita 28 na zaidi, barafu ya ncha ya dunia inaifikiaje? Yenyewe INASHUKA. Karibu asilimia 80 ya maji ya mito yanayoingia yanatoka mto Volga wa Urusi, kwa hiyo Urusi ikizuia maji kwa mabwawa, mvua zikipungua na joto likizidi, inapungua. Na haijawahi kutulia: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 mpaka 1995 ilipanda kama mita mbili na nusu, ikafurika makazi ya watu, kisha ikageuka. Upande wa kaskazini maji ni ya mita tano sita hivi, yakishuka mita moja tu ufukwe unakimbia kilomita nyingi na bandari inabaki na tope. Sisi tuliokulia na bamvua na maji mafu tunazoea kwamba maji yakienda yatarudi baada ya saa sita. Kule yakienda hayana ahadi.

4. Usalama. Msiandike "bahari iliyofungwa hivyo ni salama". Tarehe 7 Oktoba 2015 meli za Urusi zilirusha makombora 26 kutoka Kaspi hadi Syria, umbali wa kilomita kama 1,500, yakapita juu ya Iran na Iraki. Aktau inakataza majeshi ya nchi zisizo za Kaspi kuwepo majini, na ukiuliza hilo linamfaa nani, angalia nani ana meli nyingi za vita mle ndani. Tena Urusi ndiye mwenye funguo ya mlango uliochimbwa na binadamu: mfereji wa kuunganisha mto Volga na mto Don, kilomita 101, ulifunguliwa 1952. Mwaka 2021 ilipitisha vyombo vya kivita kutoka Kaspi kwenda upande wa Bahari Nyeusi kwa njia hiyo hiyo. Wengine wanne wakitaka kupita, wanapita maji ya Urusi.

5. Bomba. Hapa nyie mna bahati ambayo mwanafunzi wa kwingine hana, Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta la Uganda, iko hapo, mnaiona. Uganda haina bahari, bomba la kuleta mafuta ya Hoima ni la kilomita 1,443. Azerbaijan nayo haina njia ya bahari kuu, ikapitisha mafuta Baku, Tbilisi hadi Ceyhan kule Uturuki, kilomita 1,768, bila kukanyaga Urusi wala Iran, na hilo la kutokanyaga ndilo chapta nzima. Kazakhstan mafuta yake mengi yanapita Urusi hadi bandari ya Novorossiysk. Nendeni Chongoleani mkasimame pale, mjiulize Kampala inategemea nini kwetu, mkirudi mtamwelewa Mkazakhstan.

6. Iran si Waarabu, ni Waajemi. Mtoto wa Tanga mwenye magofu ya Tongoni na simulizi za Washirazi wa kutoka Uajemi hapo hapo mlangoni kwake anaandika "nchi za Kiarabu za Kaspi"? Hapana.

7. Maili ya baharini ni kilomita 1.852. Andikeni moja, msiruke ruke.

Rasimu mpya nizipate Ijumaa kabla ya swala. Ukurasa wa kwanza uwe ramani mliyochora kwa mkono, mito yote inayoingia iwe na majina, na kabla hujanitumia mwonyeshe mtu yeyote wa nyumbani anayejua maji, akikuuliza swali, liandike pembeni kama alivyolisema.