Maana ya H, B na HB kwenye penseli
Umeuliza kwa nini penseli yako ya 4H inakwaruza karatasi na kivuli cha uso unaouchora hakikolei hata ukikandamiza. Penseli haina kasoro, ila umeipa kazi isiyo yake.

Kilichomo ndani ya penseli si risasi. Ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa, mbinu ambayo Nicolas-Jacques Conté aliipatia hataza Ufaransa mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake hafifu: hizo ni H. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi: hizo ni B. Namba ikipanda, sifa hiyo inazidi, kwa hiyo 6B ni laini kuliko 2B. HB iko katikati, na ndiyo ya kuandikia.

Kwa vivuli chukua 2B na 4B, uilaze penseli ubavu na kupaka tabaka juu ya tabaka. H ziachie michoro ya ramani na majengo, kwenye mistari myembamba.

Na tafadhali usikandamize ile 4H. Ukipiga mstari kwa nguvu, ukaufuta, kisha ukapitisha 4B juu yake kwa ubavu, utaona mfereji mweupe umebaki, maana karatasi imeshabonyea na raba haiwezi kuinyoosha. Nimeona picha nzuri zikiharibika hivyo, tena kwenye shavu.

Ukinunua, shikamana na kampuni moja, kwani 2B ya huyu yaweza kuwa nyeusi kuliko ya yule.