Maswali yenu kuhusu medali za askari wa Keya

Toleo lililopita tuliandika kidogo tu kuhusu askari wa Keya, yaani King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na medali zao, na barua zimekuja nyingi kuliko tulivyotegemea. Nimechagua chache zinazogusa watu wengi, na wale mliouliza kitu kimoja naomba mjisomee humu humu.

Shikamoo mzee. Babu mzaa baba alikuwa Keya na alikuwa akituhadithia Burma mpaka tunasinzia. Amefariki, katuachia medali nne kwenye kopo la maziwa ya unga, mbili za nyota na mbili za duara. Nimezigeuza kila upande hakuna jina lake wala namba. Mjomba anasema ni feki au mzee aliziokota tu. Ukweli ni upi? – Mjukuu, Songea

Marahaba mwanangu. Mjomba anamuonea marehemu. Medali za Vita ya Pili walizotoa Waingereza hazikuchongwa majina, ndo utaratibu waliojiwekea kwa jeshi lao lote, awe kijana wa London au Mngoni wa Songea wote walipewa chuma kitupu. Waliochonga majina ni wale walioamua wenyewe, kama Afrika Kusini, India na Australia. Kwa hiyo ukikuta nyota ya 1939-45 ina jina la askari wa Keya hiyo ndo ya kuulizia, mana kuna mtu kaipeleka kwa fundi baadaye, anaweza kuwa mwenyewe askari au anaweza kuwa muuzaji anayetafuta bei.

Sasa zitandike mezani uzisome. Nyota zote za vita ile zina ncha sita, rangi yake ni ya shaba iliyoelekea njano, katikati kuna taji na herufi za Mfalme George wa Sita na jina la nyota limezunguka duara. Yako moja itakuwa THE 1939-1945 STAR na nyingine THE BURMA STAR, ambayo utepe wake ni wa bluu iliyokolea una mstari mpana mwekundu katikati na vimistari vya rangi ya chungwa kwenye ile bluu. Za duara geuza nyuma, yenye simba amesimama juu ya joka la vichwa viwili ni War Medal, na yenye simba wawili na mti mdogo katikati yao una taji juu ni Defence Medal. Kama tepe zimeliwa na mende usihangaike kuzitupa, ziache hivyo hivyo, hata kipande kilichobaki kina maana yake.

Hapo umeshajua babu alikuwa Burma kweli, nyota ile ilitolewa kwa waliokuwa huko kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945. Bado hujajua alikuwa kikosi gani, na hapo ndo kazi yenyewe inapoanzia na inaanzia nyumbani. Tafuta cheti cha kuachishwa jeshi, namba yake ya jeshi, kitabu cha mshahara, picha aliyopiga na wenzake, angalia mabega kwenye hiyo picha mana Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa wakivaa alama ya kichwa cha kifaru. Divisheni hiyo ndo iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za masika ya kule, matope mpaka magari yanakwama siku nzima, malaria, wakafika mto Chindwin na Desemba wakavuka pale Kalewa, na wahandisi wakajenga daraja la vyuma lenye urefu wa futi 1,154. Kama babu alikuwa anataja daraja, au Kabaw, au Kalewa hata kwa matamshi yake mwenyewe, andika alivyotamka. Wapo wazee wa Songea na Tunduru waliokaa na baba zao wakisikia majina hayo, waulize mwaka huu usisubiri msiba ujao ndo mkutane.

Ukishapata jina la batalioni, Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza pale Kew, London, wanazo shajara za vita za vikosi, za Burma ziko kwenye fungu la WO 172 na zile za Uhabeshi ziko WO 169. Humo siku kwa siku utasoma walilala wapi, walipigana wapi, nani kafa. Nikuandae mapema tu, maofisa wa kizungu wanatajwa kwa majina na askari wetu mara nyingi ni hesabu, wawili wamekufa watano wameumia, basi. Inauma ukisoma. Lakini ukiwa na tarehe aliyojeruhiwa babu, uliyoipata kwenye cheti au kwa bibi, unaweza kuiweka kwenye ile shajara ukajua ilikuwa kilima gani, na hiyo ni kubwa sana kwa familia.

Nina ndugu wa bibi yangu, aliondoka Mombasa na meli kwenda vitani mwaka 1944 hakurudi. Bibi mpaka anakufa alikuwa anauliza kaburi liko wapi. Nianzie wapi? – Msomaji, Kisumu

Pole sana. Kama aliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari mwaka huo, cha kwanza kuangalia ni meli ya Khedive Ismail. Ilikuwa inakwenda Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 karibu na visiwa vya Maldives nyambizi ya Wajapani namba I-27 ikaipiga kwa torpedo ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wa Regimenti ya 301. Makaburi hayapo, bahari ndo kaburi lao.

Majina yapo lakini. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, wale wanaoitwa CWGC, wana tovuti ya bure unaandika jina na mwaka. Usiandike jina kama mnavyoliandika nyumbani tu, andika kama karani asiyejua Kijaluo angelisikia, Ochieng jaribu na Uchieng na Ochien, Otieno jaribu Otiano, na kama alisajiliwa kwa jina la baba yake tafuta hilo. Ukishindwa kwa jina tafuta kwa kikosi na tarehe, East African Artillery, 12 Februari 1944, usome orodha nzima taratibu. Ni kazi ya jioni moja mbili na inastahili.

Kaka habari. Mimi nakusanya sarafu na medali za zamani hapa Arusha. Sonara mmoja kaniuzia medali ya fedha ya 1914-1918, pembeni imechongwa namba, jina na K.A.R. Nimeisafisha kwa Brasso inang'aa. Nitampataje mwenyewe? – Mkusanyaji

Brasso iache, kuanzia leo. Maandishi ya pembeni yamechongwa kwa kina kidogo sana na kila ukisugua unakula herufi, na zile herufi ndo askari wako, zikiisha umebaki na fedha ya kuyeyusha. Kitambaa kikavu laini kinatosha.

Hiyo ni British War Medal, mbele ana kichwa cha George wa Tano na nyuma mpanda farasi anakanyaga ngao. Za Vita ya Kwanza zilichongwa majina, tofauti na za pili, ndo mana sisi tunaofuatilia askari tunazipenda. Nyingi zimepotea kwa masonara, hasa bei ya fedha ilivyopaa mwaka 1980 dunia nzima watu waliyeyusha, kwa hiyo kwa kuiokoa hiyo moja umefanya jambo.

Soma pembeni pole pole na lenzi. Namba kwanza, halafu cheo, jina, mwisho kikosi. Ukiona 3 peke yake mbele ya K.A.R. hiyo ni regimenti ya 3 iliyokuwa ya Kenya, 4 ni ya Uganda, 1 na 2 ni za Nyasa, Malawi ya leo. Ukiona mfano 2/4 maana yake batalioni ya pili ya regimenti ya nne, mana Keya walikua haraka sana wakati wa vita, mpaka 1918 walikuwa na batalioni 22. Na ukikuta 6 kaa chini utulie, hiyo iliundwa 1917 na ndani yake walikuwemo askari wengi waliokuwa wa Mjerumani wakatekwa, wakavaa sare nyingine wakarudi kupigana na wenzao waliobaki kwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani. Mtu mmoja, majeshi mawili, vita moja. Sijaona medali inayobeba mambo mazito kama hiyo kwa historia ya Tanganyika.

Tafuta pia pacha wake, mana aliyepewa hii ya fedha mara nyingi alipewa na ya ushindi, ya shaba, yenye malaika wa kike mwenye mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Rudi kwa sonara huyo huyo umuulize kwa adabu nani alimletea na kutoka wilaya gani. Hilo jina la wilaya litakusaidia kuliko intaneti yote.

Sisi ni wa Nyeri. Kwa vitu vya guka, babu yetu, tumepata medali ya fedha, utepe wa njano na nyeusi na kijani, juu kuna kibati kimeandikwa KENYA. Jirani ametuambia ni ya waliopigana na Mau Mau. Wengine nyumbani wanataka itupwe chooni. Tufanye nini? – Wajukuu

Jirani amesema kweli. Hiyo ni Africa General Service Medal, ilianzishwa 1902, na hicho kibati kilitolewa kwa waliotumika upande wa serikali ya kikoloni kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956. Pembeni ina jina la guka wenu na kikosi chake, ikiwa Keya, polisi au kingine, someni hapo kwanza kabla hamjagombana.

Msiitupe. Siwaambii muipende wala muiweke ukutani, hilo ni lenu. Ila mjue miaka ile ilivyokuwa, wapo waliokuwa wameshaandikishwa jeshi kabla, wapo walioingia kwa njaa, wapo walioingia kwa kulazimishwa na wapo walioingia kwa hiari yao na kufanya mabaya. Hiyo medali haiwaambii guka wenu alikuwa yupi kati ya hao. Waruhiu Itote, Jenerali China mwenyewe, kiongozi wa Mau Mau, alikuwa koplo wa Keya na alipigana Burma kabla ya kuingia msituni, kwa hiyo inawezekana kabisa watu waliokula sahani moja kule Chindwin wakaja kuwindana Mlima Kenya. Nendeni Kenya National Archives, pale Moi Avenue kwenye jengo la zamani la benki, muombe faili za wilaya yenu za miaka hiyo. Na mzungumze na mzee aliyekuwa upande wa pili kijijini kwenu kama bado yupo. Mkimaliza hayo yote na bado mnataka itoke nyumbani, ipelekeni makumbusho pamoja na maelezo yenu kwa maandishi.

Kuna mtu Kariakoo ananiuzia Victoria Cross ya askari wa Keya, milioni mbili. Ninunue? – Dar es Salaam

Usinunue. Hiyo ndo nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza. Victoria Cross ya kweli ina jina na kikosi nyuma ya kile kibati cha juu, na tarehe ya tukio nyuma ya msalaba, na kila mmoja aliyewahi kuipata anajulikana. Kwa Keya anayejulikana ni Sajini Nigel Leakey wa 1/6, aliyerukia vifaru vya Mtaliano kule Colito, Uhabeshi, tarehe 19 Mei 1941 na akafia hapo, jina lake lipo kwenye mnara wa kumbukumbu ndani ya makaburi ya vita Nairobi. Anayeuza ya kwake Kariakoo anakuibia.

Baba wa babu alikuwa mpagazi wa Waingereza 1916, hakurudi. Wapagazi nao walipewa medali? Jina lake nitalipata? – Msomaji, Dodoma

Wapo waliopewa, lakini waliokufa njiani kwa kuhara, njaa na homa, na walikuwa makumi ya maelfu, wengi wao hata jina halikuandikwa popote. Mwaka 2021 CWGC wenyewe walitoa ripoti wakakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari pale Dar ya 1927 ina askari peke yake, ya Nairobi ndo imemweka na mpagazi. Wewe andika kila mnachojua, jina lake, la baba yake, kijiji, jumbe wa wakati huo, aliondoka na nani, kisha uwaandikie CWGC. Wanaendelea kuongeza majina na familia ndo zenye majina hayo.

Mzee tuko wajukuu watano na medali za babu ni tano za Vita ya Pili. Tumekubaliana kila mtu achukue moja. Ni sawa? – Tanga

Hapana wanangu. Hizo hazina jina, mkishazigawa moja ikaenda Mwanza na nyingine Muscat, baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua zilikuwa za mtu mmoja. Zikae kwa mmoja, pamoja na cheti na karatasi yenye jina la babu, namba, kijiji na kikosi, na wengine wanne wapige picha za kila medali mbele, nyuma na pembeni. Anayekaa nazo asiziweke kwenye mfuko wa plastiki, unyevu wa Tanga utazila, tumieni bahasha ya karatasi na sanduku kavu.