Kurusha mafaili kwenye kompyuta ya zamani kwa waya wa siriali

Wadogo zangu mnaoanza ufundi, iko siku mtaletewa kompyuta ya DOS (mfumo wa zamani wa kuandika amri), flopi imekufa, USB haina, na mwenyewe anataka programu yake irudi. Mimi niliipata hapa Majengo, Dodoma, laptop nzito kama tofali, vumbi la huku kwetu lilishamaliza flopi kitambo, nyuma kimebaki kipoti cha siriali cha pini 9 tu, kile kinachopitisha data biti moja moja.

Anza na waya, programu baadaye. Pini 2 ya huku iende 3 ya kule, 3 iende 2, halafu 5 kwa 5 ambayo ndio ethi. Kabla ya kuchomeka popote jaribu peke yake adapta yako ya USB kwenda siriali, ile ya kuchomeka kwenye kompyuta yako ya kutumia: unganisha pini 2 na 3 zake kwa kipande cha waya, fungua programu ya teminali (inatuma unachoandika na kuonyesha kinachoingia), zima flow control (ule utaratibu wa kuambiana subiri au tuma), andika herufi, zikirudi kwenye skrini basi adapta nzima. Na msije mkachukua vile vidude vya Arduino vya volti 5, siriali ya kompyuta inaweza kufika volti 15 chanya na hasi, nilishaunguza kimoja nikabaki nanusa tu.

Sasa laptop haina programu ya kupokea, unaiingizaje? Hapa ndipo nilipokesha siku mbili. Kwenye laptop unaweka mode com1:1200,n,8,1, yaani poti ya siriali iende biti 1200 kwa sekunde, kisha copy com1 kwenda kwenye faili, unatuma, kimya. Narudia kulehemu, kimya. Kumbe copy inapita kwenye BIOS, ile programu ya msingi iliyomo ndani ya mashine yenyewe, na BIOS haisomi kitu kama pini 6 haijapata volti, waya zangu tatu zisingetosha hata ningelehemu mpaka Krismasi! Dawa yake unganisha 4 na 6 upande uleule wa laptop, na 7 na 8 pia. Dakika mbili, kazi ikaisha, nikacheka mwenyewe.

Ila copy inapokea maandishi tu, ikikutana na baiti ya 1A, ambayo ndio Ctrl-Z, inadhani faili limeisha. Kwa hiyo programu ndogo ya kupokea igeuze kwanza iwe maandishi ya hex (baiti zilizoandikwa kwa tarakimu 0 hadi F) ya kulisha debug, programu ya DOS inayoyarudisha kuwa faili, tuma hayo, mwisho piga Ctrl-Z. Usiwe na haraka hapo, 1200 inatosha, ukipandisha herufi zinadondoka njiani.

Programu ikishaingia hamia XMODEM, utaratibu wa kurusha mafaili, ule wa Ward Christensen ya 1977, inatuma baiti 128 inasubiri jibu ndio itume nyingine, kwa hiyo kosa linajulikana palepale. Hapo panda 9600. Hesabu yake, kila baiti ikila biti 10, ni baiti 960 kwa sekunde, flopi nzima ya 1.44MB ni kama dakika 26, na zaidi kwa sababu ya kusubiriana. Betri ya ile laptop ilikuwa marehemu, umeme ukikatika XMODEM inaanza upya, ndio maana nilikata mzigo kwenye zip ndogondogo. ZMODEM, utaratibu mwingine wa aina hiyo, inaweza kuendelea ilipoishia, kama mashine yako inaibeba itumie.

Usishtuke faili likifika limenenepa kidogo, XMODEM inajazia kipande cha mwisho kifike 128. Zip nyingi hazijali, ila piga pkunzip -t (amri ya DOS ya kupima kama zip ni nzima) kwa kila moja kabla mwenye mali hajabisha hodi.