Mwalimu wa Gitaa Anajibu: Mbona wimbo huu haupigiki makofi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, jioni najifunza gitaa. Rafiki kanirushia wimbo wa Kihispania unaoitwa taranta, akasema ni wa wachimbaji wenzetu. Nimejaribu kuupigia makofi, nimeshindwa. Halafu kuna nyuzi zinalia kama gitaa halijatyuniwa. Na kweli waliimba hivi wakiwa shimoni? – Msomaji, Geita

JIBU: Marahaba, mwanangu. Masikio yako ni mazima, na gitaa la yule bwana limetyuniwa sawasawa. Shika la kwako sasa hivi. Bana kodi (yaani “chord”, sauti kadhaa zinazolia pamoja) ya F shapu kama ulivyozoea, kidole cha shahada kimelala juu ya nyuzi zote sita. Haya, kiinue kibane uzi mnene peke yake. Vidole vingine vitatu visisogee. Nyuzi mbili nyembamba ziache wazi. Pitisha dole gumba taratibu, kuanzia uzi mnene. Umesikia? Sauti mbili za mwisho zinasuguana na zile za kwanza, hazitaki kutulia. Taranta inakaa hapo hapo. Usiku nilioipata kodi hiyo niliirudia hadi mke wangu akaja kuniuliza kama nimeletewa habari ya msiba.

Makofi yanakushinda kwa sababu mwimbaji hafuati mdundo. Anavuta neno mpaka pumzi imwishie, na gitaa linamsubiri. Umewahi kumsikia mpiga udi akipiga taksimu kabla taarabu haijashika mdundo? Ndiyo hali hiyo, ila huku haibadiliki hadi mwisho. Ukitaka wa kucheza, tafuta ndugu yake aitwaye taranto. Huo una mdundo, na wachezaji wa flamenko, muziki na ngoma ya kusini mwa Hispania ambayo taranta ni tawi lake, hupanda nao jukwaani.

Maneno ni machache mno: mishororo minne au mitano, kila mmoja mizani minane, sawa na kipande cha utenzi wetu. Mwimbaji hurudia mshororo ili vipande vya sauti vitimie sita.

Sasa hilo la shimoni. Taranta si wimbo wa kusukumia kazi kama ule wa kuvuta jarife. Chini kule pumzi ni ya kuhesabu, wewe unajua kuliko mimi. Iliimbwa juu, watu wakishatoka, kwenye vilabu na mikahawa ya muziki. Milima ya Cartagena na La Unión, kusini-mashariki mwa Hispania, ilikuwa na madini ya risasi, fedha na zinki. Katika karne ya 19 watu wa Almería, mkoa wa jirani, walihamia huko kutafuta kazi migodini, wakaja na fandango, nyimbo za asili za kwao. Watoto wa kiume nao walibebeshwa vikapu vya mawe yenye madini. Ndiyo maana nyimbo hizi zimejaa taa, giza na mtu aliyeshuka asirudi. Aliyezipa sura tunayoijua, Antonio Grau Mora, hakuwa hata mchimbaji. Aliendesha mkahawa La Unión, wakamwita Rojo el Alpargatero, yaani Mwekundu wa Viatu vya Kamba. Alifariki mwaka 1907. Kwangu hilo halimpunguzii kitu: aliwasikiliza wateja wake vizuri.

Tamasha la nyimbo hizi lilianza La Unión mwaka 1961; siku hizi hufanyika Agosti, ndani ya jengo la soko la zamani, na mshindi hupewa taa ya mchimbaji. Migodi yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1993 taa hiyo ilichukuliwa na Miguel Poveda, mwimbaji kijana wa miaka 20 kutoka upande wa Barcelona, mbali kabisa na mashimo hayo. Anza na huyo, umsikilize usiku kukiwa kimya.

Ukishaizoea kodi yako, irekodi kwa simu unitumie, nisikie kama zile nyuzi mbili zinalia wazi au kidole bado kinazigusa.