Mnasema nalea damu ya watu naacha ya kwetu, haya nisikilizeni

Kamwene wote. Voice note zote nimesikiliza, hata ile ndefu ya shangazi nimeimaliza nikiwa kwenye basi natoka shift ya usiku. Kwa ambao hawakuwepo, kuna mtu kasikia kwamba mimi na mume wangu tumeanza taratibu za kuasili mtoto, yaani kumchukua awe wetu kisheria, hapa Ohio, Marekani, group la familia likawaka moto. La kwanza mnasema nachukua mtoto wa Wamarekani wakati mjukuu wa shangazi yupo pale Ilula, Iringa, mama yake marehemu, na mimi ningekata tiketi moja tu mambo yakaisha. La pili eti serikali ya huku inakulipa ukichukua mtoto kwa hiyo nimefuata hela. Hilo la pili limetoka kwa mtu ambaye ada ya mwanae nalipa mimi, nimemeza.

Tiketi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote jamani. Tatizo ni karatasi, na sijui kwa nini kila nikisema karatasi mnaona nakwepa.

Sisi wawili bado tuna pasi za Tanzania, huku tunaishi kwa green card, kibali cha kukaa moja kwa moja bila kuwa raia. Njia ya kumleta Marekani yatima uliyemuasili nje, ile ya fomu I-600, ni ya raia wa Marekani tu, mwenye green card hana nafasi hapo. Mtasema basi apa uraia. Haya, nikiapa, Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, nakuwa mgeni, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mgeni anayeomba kuasili mtoto wa Kitanzania awe amekaa nchini miaka 3 mfululizo, pamoja na kuishi na huyo mtoto kwanza chini ya macho ya ustawi wa jamii. Miaka mitatu mimi nakaa Ilula nauza nyanya barabarani halafu nani analipa nyumba huku, na nani anatuma hiyo hela mnayoisubiri? Yaani nikibaki Mtanzania Marekani wanagoma, nikiwa Mmarekani nyumbani wanagoma. Ipo njia nyingine ambayo mwenye green card anaiweza, umuasili mtoto kabla hajafika miaka 16 na uwe umeishi naye miaka 2 ukiwa na mamlaka juu yake kisheria. Sasa nimeishi naye wapi, yeye Ilula mimi Columbus.

Tufanye hata hayo yote yamepita. Kwenu yule ni yatima, na kwangu pia, mama yake tulilala naye kitanda kimoja kwa bibi. Ila kwa sheria ya uhamiaji ya huku mwenye mzazi mmoja aliye hai haitoshi, lazima huyo mzazi awe hawezi kumtunza, na wanapima kwa viwango vya huko huko mnakoishi, siyo vya Marekani. Shemeji, baba yake huyo mtoto, ana bodaboda, mtoto anakula, anavaa, anaenda shule. Kwa viwango vya Ilula anamtunza, tena vizuri kuliko wengine ninaowajua. Halafu asaini kwa maandishi kwamba amemwachia mtoto moja kwa moja, bila kurudi nyuma, aondoke nchini akawe wa watu wengine. Kuna mtu amemuuliza shemeji hilo swali? Au tunampangia tu kwenye group ambalo hata hayumo.

Na shangazi naomba hili ulisikie kwa upole maana nakupenda. Ulisema mchukue, akikua atamvuta baba yake na nyie wote mtapona. Havuti mtu. Mtoto akishaasiliwa na kuingia huku kwa njia hiyo, mzazi aliyemzaa hapati haki yoyote ya uhamiaji kupitia kwake, imeandikwa kwenye sheria yao. Hata huko nyumbani Mahakama Kuu ikishatoa amri ya kuasili, mzazi wa kumzaa haki zake zinakatika, mtoto anakuwa wangu kabisa hadi urithi. Siyo kama tulivyozoea sisi kwamba mtoto anahama kwa baba mkubwa, likizo anarudi.

Hizi karatasi zinaniudhi, lakini sitazitukana sana. Sisi watu wa Iringa tunajua "nakuchukua ukasome" ilivyowapata mabinti wetu, wangapi wamepandishwa basi Ipogolo na begi moja, wakafika Dar wakaoneshwa jiko na mtoto wa kubeba mgongoni, shule hawakuiona. Kama kungekuwa na afisa wa kuuliza maswali wakati ule labda wengine wangesoma.

Hela sasa. Ukitaka kichanga kupitia wakala binafsi huku unazungumzia makumi ya maelfu ya dola, na kwenda kuasili nchi nyingine ni humo humo. Ile fomu ya kuanzia kwa wanaoleta yatima kutoka nje, I-600A, ni dola 920 tangu Aprili 2024 na hapo hujamlipa mtu wa kuja kukagua nyumba, wakili, mtafsiri, safari. Pigeni wenyewe kwa rate ya leo. Kuna punguzo la kodi la kuasili, kwa mwaka 2025 lilifika dola 17,280 kwa mtoto mmoja, nadhani ndilo aliyewaambia "wanalipwa" alilisikia. Siyo cheki unatumiwa. Ni kodi yako unasamehewa baada ya wewe kutoa hela kwanza, na kama kodi yako ni ndogo kama yetu sisi wa kuosha wazee, kilichoweza kurudi mkononi kwa mwaka huo hakikuzidi 5,000.

Tuliyoichagua sisi ni ya watoto walio chini ya serikali, ambao wametolewa kwao. Hiyo karibu ni bure, na posho ya kila mwezi ipo, siwadanganyi, ni ya mtoto na inaishia kwa mtoto. Ila lengo la kwanza la serikali ni mtoto arudi kwa mama yake, kwa hiyo naweza kulea mwaka mzima, akaanza kuniita mama, kisha wakaja kumchukua. Mkinionea wivu mnionee na hilo.

Na ukaguzi! Dada wa ustawi wa huku alikuja, akafungua makabati, akauliza dawa tunaweka wapi, akabonyeza king'ora cha moshi aone kama kinalia. Sawa. Akakaa mezani akauliza mtoto akikukosea utamfanyaje. Mume wangu akaniangalia, mimi kichwani namwona bibi na ule mwiko wake wa ugali. Nikasema nitaongea naye. Akaandika. Na wewe ulipokosea walikufanyaje? Nikasema walinichapa. Akaandika kwa muda mrefu kuliko jibu lenyewe.

Mdogo wangu wa Mafinga, wewe uliyenifuata inbox, kwako mambo ni mepesi, wewe na mumeo msisubiri kuwa na hela nyingi. Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii hapo halmashauri, mwambieni mnataka mtoto wa malezi ya kambo, yaani wa kulea kwa muda, na baadaye kuasili. Umri mnao, sheria inataka 25 na umzidi mtoto miaka 21. Mtakaguliwa, mtaishi naye kwanza, kisha maombi yanaenda Mahakama Kuu, na nyie hamna haja ya kwenda Dar, Iringa ipo. Amri ikitoka inaandikishwa RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo. Wekeni akiba ya wakili na nauli za kwenda na kurudi, maana mtaambiwa njoo wiki ijayo hadi mchoke. Na mtu akiwaambia kuna binti ana mimba pale, mpe kidogo atakuachia mtoto, kimbieni, mahakama inaangalia kama kuna hela imepita kwa ajili ya mtoto. Usichukue mtoto kienyeji, nasema. Halafu tena nasema, kama ni wa marehemu na yupo kwa bibi anacheka anashiba, mwacheni, karatasi za nini, nusu ya ukoo huu tumelelewa hivyo.

Ila mjukuu wa shangazi karatasi zake zitafutwe hata kama haji huku. Cheti cha kifo cha mama yake hakipo, kadi ya kliniki ina jina moja na cheti cha ubatizo lingine, shuleni wameandika la tatu. Shemeji aende kwa wakili apige hati ya kiapo, gharama nitatuma mimi. Ada ya Januari pia naituma, safari hii kwenye akaunti ya shule moja kwa moja, siyo kwa mtu. Anayetaka kununa anune.