Trei ya karatasi za nakshi: gundi yako haina kosa, shida ni maji

Mwenzangu, shida yako nimeisoma mara mbili. Umechukua trei ya mbao, ukabandika karatasi ya maua kwa gundi nyeupe, ukaipaka vanishi jioni hiyohiyo. Kulipokucha ukakuta malengelenge katikati, pembeni karatasi imekunjamana, na shanga ulizoweka kwenye kona zinabanduka ukizigusa tu. Sasa unauliza ununue gundi gani nyingine, maana trei ni ya mama yako na hutaki kurudia makosa.

Usinunue gundi nyingine. Gundi nyeupe ya mbao ndiyo ninayotumia mpaka leo, na trei nilizotengeneza zimepita ishirini. Kilichokuangusha ni maji ndani ya karatasi, pamoja na haraka. Naijua vizuri haraka hiyo. Trei yangu ya kwanza nilimtengenezea dada yangu alipokuwa anahamia nyumba mpya, na iliharibika vivyo hivyo usiku wa kuamkia siku ya kumpelekea. Niliumia sana, kwa sababu karatasi ile nilikuwa nimeitunza muda mrefu na sikuwa na nyingine.

Karatasi ni nyuzi za mmea zilizolaliana. Uzi ukinywa maji hunenepa sana lakini hurefuka kidogo mno. Na kwa kuwa karatasi ya kiwandani nyuzi zake nyingi zimelala upande mmoja, ikilowa hutanuka zaidi kwa upande unaokata mkondo wa nyuzi. Wewe uliilaza karatasi kavu juu ya gundi mbichi. Ikaanza kutanuka wakati tayari imeshikwa huku na kule, ikakosa pa kwenda, ikainuka. Hayo ndiyo malengelenge. Kabla gundi haijakauka ukaja na vanishi ya maji, ukailowesha tena kutokea juu. Hapo hata gundi ghali kuliko zote isingekusaidia.

Ukitaka kujua mkondo wa nyuzi umeelekea wapi, pinda karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaopindika kwa ulaini, mkunjo wake unafuata mkondo. Mimi hukata karatasi ya sakafu ya trei ili mkondo ufuate urefu wa trei. Kwa njia hiyo kutanuka kwingi kunaangukia upande mfupi, na upande mfupi ni rahisi kuumudu. Kama maua ya karatasi yako yana juu na chini na hayakubali kugeuzwa, fuata maua, ila ongeza uangalifu.

Njia za kubandika ninazoziamini ni mbili. Karatasi nene, kama zile za kupambia albamu za picha, naipaka gundi mgongoni na kuiacha dakika tatu hadi tano imalize kutanuka ikiwa huru mkononi mwangu. Baada ya hapo ndipo naipaka trei tabaka jembamba la gundi, nailaza karatasi kuanzia katikati, na kusukuma hewa kwenda pembeni kwa kadi ya plastiki. Ikikauka inajivuta yenyewe na kukaza kama ngozi ya ngoma. Mikunyanzi midogo utakayoiona dakika kumi za mwanzo usiihangaikie. Mingi hupotea yenyewe, na ukiendelea kuisugua utachubua wino.

Njia ya pili ndiyo naipenda kupita zote, hasa kwa trei kubwa, nami nasikitika kwamba niliijua nikiwa nimeshaharibu trei nne. Unapaka gundi kwenye sakafu ya trei na mgongoni mwa karatasi, kisha unaacha vyote vikauke kabisa, kila kimoja mahali pake. Vikikauka, unailaza karatasi pale unapoitaka, unaisogeza hadi moyo uridhike, unaweka juu yake karatasi ya kuokea, unapitisha pasi ya moto wa wastani isiyo na mvuke. Gundi nyeupe hulainika kwa joto, pande mbili zinashikana, zikipoa zimekuwa kitu kimoja. Maji hayapo, kwa hiyo hakuna cha kutanuka. Anza katikati, nenda pembeni, na kila sehemu ukishaipiga pasi ibonyeze kwa kitambaa hadi ipoe. Karatasi ikijikunja wakati gundi ya mgongoni inakauka, usiogope, pasi itainyoosha.

Maandalizi ya mbao hayana mengi. Msasa namba 120, kisha 220, futa vumbi, ziba mashimo kwa puti, paka rangi nyeupe mara mbili. Nyeupe si urembo tu: karatasi nyepesi huonyesha kilicho chini yake, na mbao nyingine hutoa maji ya kahawia yanayopenya hadi juu ya maua. Trei ya zamani yenye vanishi, isugue mpaka mng'ao uishe.

Kuhusu karatasi yenyewe, kuna jambo linalowauma wengi. Picha uliyoichapa nyumbani kwa printa ya wino wa maji itatiririka mara tu brashi yenye gundi ikipita juu yake. Mimi niliwahi kuchapa barua ya zamani ya bibi, nikaibandika, na kwa sekunde chache mwandiko wake ukageuka doa la zambarau. Nashukuru ilikuwa nakala. Karatasi asili sitakushauri kamwe uibandike kwenye kitu cha kutumika. Chapa kwa printa ya leza, kwa sababu unga wake ni plastiki iliyoyeyushwa juu ya karatasi na haijali maji. Leso za karatasi za mezani nazo zina nakshi nzuri, ila nyingi zimetengenezwa kwa tabaka tatu na unahitaji lile la juu tu. Libandue polepole, na uwe na subira nalo maana huchanika kwa pumzi.

Mpangilio wa mchanganyiko wa karatasi ndio unaonila muda mwingi, na sioni kama ni muda uliopotea. Huwa nachukua karatasi tatu: moja ya nakshi kubwa, moja ya nakshi ndogo, na moja tulivu iliyo karibu kuwa ya rangi moja ili jicho lipate pa kupumzikia. Rangi moja lazima irudi katika zote tatu, hata kama ni kwa nukta tu. Makali ya mkasi huonekana makavu, kwa hiyo vipande vya juu mimi huvichana kwa mkono. Angalia unavyochana: ukivuta kipande unachokitaka kuja kwako huku nakshi inakutazama, kinabaki na ukingo mweupe, ukivuta ile sehemu ya kutupa, weupe unaondoka nayo. Ukingo mweupe unapendeza juu ya rangi nzito. Juu ya rangi hafifu naugusia wino wa kahawia kwa sponji.

Usibandike chochote kabla hujaweka vikombe. Nasema kwa msisitizo kwa sababu hapa ndipo trei nyingi nzuri zinapokufa. Panga vikombe na birika juu ya karatasi ambazo bado hazijabandikwa, zungushia penseli hafifu, shika trei kwa mikono miwili kana kwamba unaipeleka sebuleni. Ndani ya duara hizo kusiwe na kitu chochote kilichoinuka, hata lesi. Mahali vidole vyako viliposhika pasiwe na shanga. Yanayobaki ndiyo makao ya mapambo: kuta za nje, kona, na pembe za sakafu ambazo kikombe hakizifikii. Ukiniuliza mimi, mpaka huu unaifanya trei ipendeze zaidi, kwa sababu mapambo yanakusanyika mahali pamoja na kusema kitu.

Sasa shanga zako. Gundi nyeupe hukauka kwa maji yake kuondoka, na ili yaondoke, angalau upande mmoja uwe unanyonya. Shanga ya kioo hainyonyi, na chini yake kulikuwa na vanishi ambayo nayo hainyonyi. Gundi ikabaki mbichi katikati. Hata ile sehemu iliyoshika ilishika ngozi ya vanishi changa, si mbao. Kwa kioo, chuma na plastiki tumia gundi ya epoksi ya mirija miwili. Sugua mgongo wa pambo kwa msasa kidogo, futa mafuta ya vidole, na pale linapokaa kwangua rangi hadi uone mbao. Bunduki ya gundi ya moto sikushauri. Inarahisisha kazi kweli, lakini gundi yake hulainika kwa joto na huachia uso laini kwa pigo moja.

Lesi na kitambaa vinakubali gundi nyeupe bila shida; vichovye, vikamue, vilaze. Vipande vya chuma vinavyoshika kutu vipake vanishi kwanza pande zote, la sivyo maji ya gundi yatavipa kutu na alama ya kahawia itatambaa kwenye karatasi. Maua halisi yabanwe ndani ya kitabu kizito wiki mbili au zaidi, hadi yakatike kama jani kavu ukiyapinda. Yakiwa na unyevu hata kidogo yatageuka meusi chini ya vanishi.

Kwa umaliziaji, zamani Venice, katika karne ya 18, mafundi walikuwa wakikata picha zilizochapwa, wakazibandika kwenye samani, kisha wakazipaka vanishi tabaka juu ya tabaka ili zifanane na kazi za laka, ile vanishi ngumu yenye mng'ao, kutoka Asia ambazo wengi hawakuzimudu bei. Waitaliano huiita kazi hiyo lacca povera, yaani laka ya maskini. Lengo lao ndilo langu kwenye sakafu ya trei: kidole kikipita kisijue karatasi inaanzia wapi. Hilo halipatikani kwa tabaka moja nene. Subiri siku nzima baada ya kubandika, kisha paka vanishi ya maji tabaka jembamba sana, acha saa mbili hadi nne, paka tena. Baada ya la tatu pitisha msasa namba 400 kwa mkono mwepesi, futa, endelea hadi tabaka sita au nane. Vanishi ya mafuta ni ngumu zaidi, lakini inageuka njano kadiri miaka inavyopita, na karatasi yenye weupe mwingi inaharibika sura.

Hata hivyo vanishi kukauka si kukomaa. Ukiigusa haishiki kidole, lakini kikombe cha moto ukikiacha dakika kumi kitanata na kung'oa duara. Mpe mama trei baada ya wiki tatu au nne. Kama huwezi kusubiri, kata kipande cha kioo au akriliki (plastiki ngumu angavu) kinachoingia sakafuni na ukilaze juu, kingo zake zikiwa zimesuguliwa zisikate mkono. Kwa trei ya kila siku, mimi kwa kweli naona kioo kinashinda vyote.

Rezini ya epoksi, yaani ule uji angavu unaomwagwa na kuganda kama kioo, inapendeza, sikatai. Ila ijaribu ukishaizoea kwenye kitu kidogo. Kipimo ni rahisi: sakafu ya sentimita 40 kwa 30, ukitaka unene wa milimita 3, unahitaji mililita 360. Fuata uwiano ulioandikwa kwenye chupa bila kukadiria kwa macho. Koroga polepole dakika kadhaa huku ukikwangua pembeni na chini ya chombo, vaa glavu, na fungua madirisha. Karatasi iwe imezibwa kwanza kwa tabaka mbili za gundi au vanishi. Isipozibwa itanywa rezini, itapata madoa kama ya mafuta na kutoa viputo usiku kucha. Ziba pia maungio ya sakafu na kuta. Mimi sikuyaziba mara moja, na nilipoamka nusu ya rezini ilikuwa imepita kwenye ufa mwembamba kama unywele na kuigandisha trei mezani. Weka pima maji juu ya trei uhakikishe imelala sawa kabla hujamwaga. Ujue pia kwamba rezini nyingi hulainika kwenye joto la nyuzi 50 hadi 60, kwa hiyo birika bado litahitaji kitu cha kukalia.

Trei uliyonayo usiitupe. Iache wiki nzima ikauke hadi ndani. Kila lengelenge lichane kwa wembe mpya ukifuata mstari wa ua ili jeraha lisionekane, ingiza gundi kidogo kwa sindano isiyo na ncha, bonyeza, futa inayotoka, weka karatasi ya kuokea na kitabu kizito juu hadi kesho yake. Zile kingo zilizokunjamana huenda zikakubali pasi ya moto mdogo juu ya karatasi ya kuokea, sekunde chache kwa wakati mmoja, kwa sababu gundi iliyo chini bado italainika. Zisipokubali, sugua palipoinuka kwa msasa hadi pawe sawa na funika kwa mshipi wa karatasi ya pili kuzunguka sakafu yote, upana wa vidole viwili. Hakuna atakayejua kwamba haukupangwa tangu mwanzo. Shanga zing'oe zote, zioshe, na uzihamishie kuta za nje kwa epoksi. Ukifika kwenye mshipi, niambie una karatasi gani na gani, tuchague pamoja.