Misale ya Kilatini Isiyo na Mwaka: Ijue Umri Wake Kabla ya Kulipa

Misale kubwa ya altareni, yaani kitabu cha sala na masomo ya Misa, ikichoka, jalada la mbele ndilo hulegea kwanza, na likiondoka huondoka na ukurasa wenye jina la mpiga chapa na mwaka. Muuzaji wa Iringa au Mbeya atakwambia ni ya enzi za Mjerumani. Usibishane naye. Funua ndani.

Anza na mwisho wa Oktoba, sehemu ya watakatifu. Sikukuu ya Kristo Mfalme iliwekwa 1925. Kama haimo, kitabu kilitungwa kabla ya hapo. Nenda 15 Agosti, Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria: wimbo wa mwanzo ukiwa Gaudeamus, ni kabla ya tamko la Papa la 1950 juu ya Kupalizwa huko; ukiwa Signum magnum, ni baada yake. Rudi Jumamosi Kuu uhesabu masomo ya unabii. Yakiwa 12 ni utaratibu wa zamani, yakiwa 4 ni ule uliorekebishwa miaka ya 1950. Mwisho, ndani ya Kanuni ya Misa, ile sala kuu ya kuweka wakfu mkate na divai, tafuta jina la Yosefu mara baada ya lile la Bikira Maria. Liliingizwa mwishoni mwa 1962.

Wengi hudanganyika hapa. Sikukuu mpya ilipotoka, si lazima misale mpya inunuliwe. Karatasi iliweza kubandikwa kwa gundi, na jina la Yosefu likaongezwa pembeni kwa kalamu. Nyongeza hizo hazihesabiki. Tazama kama namba za kurasa zinafuatana, kama unene wa karatasi ni uleule, na kama karatasi imeshonwa pamoja na wenzake. Namba zikianza upya ndani ya mabano kwenye Misa za pamoja za watakatifu, usishtuke, ndivyo zilivyochapwa.

Ukurasa wa jina ukiwepo, mji wa mpiga chapa umeandikwa Kilatini: Ratisbonae ni Regensburg kwa mpiga chapa Pustet, Taurini ni Torino kwa Marietti, Mechliniae ni Mechelen kwa Dessain. Wamisionari Wakonsolata wa Tosamaganga walitoka Torino, na Wabenediktini wa Peramiho walitoka Bavaria iliko Regensburg, basi usishangae vitabu navyo vikipita njia hizohizo.

Kagua picha ya Msalaba inayotazamana na maneno Te igitur, yanayoanzisha Kanuni. Hukatwa ikatiwa fremu ukutani, na bila hiyo bei ishuke sana. Matone ya nta na alama za vidole kwenye Kanuni ni jambo la kawaida, maana hapo palifunguliwa kila siku. Misale yenye Kanuni safi na kurasa nyingine chakavu ndiyo ya kutilia shaka.

Breviari, kitabu cha sala za kila siku za padre, ni vitabu vinne kwa majira: Hiemalis, Verna, Aestiva, Autumnalis. Kimoja peke yake kinunue kwa bei ya chini tu. Zaburi ya kwanza ikisema non abiit ni tafsiri ya kale. Non sequitur ni ile ya 1945.

Ukiona muhuri wa parokia, omba barua ya paroko kabla ya kutoa hela. Bila barua, acha.

Kazi kubwa huja kitabu kikishafika nyumbani. Kuanzia Novemba hadi Aprili, Tukuyu na Njombe, hewa yenyewe ni maji, na unyevu ukivuka asilimia 65 kuvu huota. Kitabu kipya kitenge wiki nne. Chenye kuvu kikaushe kivulini penye upepo, kisha kipanguse nje kwa brashi laini ukiwa umevaa barakoa. Ukipangusa kikiwa kibichi unaipaka kuvu kwenye karatasi. Mafuta ya taa yaache kabisa. Ngozi inayotoa vumbi jekundu imeoza, na rangi ya viatu haitaiponya. Ifunge kwa kitambaa cha pamba. Seloteipu nayo huacha doa la kahawia lisilotoka.

Ukiona vitundu na unga mwembamba, kuna wadudu. Hakikisha kitabu ni kikavu, kitie kwenye mifuko miwili ya nailoni, kamua hewa, kiweke kwenye friza wiki mbili. Umeme ukikatika muda mrefu, anza kuhesabu upya. Ukikitoa usifungue mifuko kwa saa 24, la sivyo maji yatatanda juu ya jalada. Misale kubwa ilaze, usiisimamishe, na rafu iache nafasi ya kiganja kutoka ukutani, maana mchwa hupandia hapo.